Pampu ya bwawa yenye taa ya UV ya wati 9: inachosafisha, isichosafisha, na vya kukagua kabla ya kulipa

Bwawa dogo la nyuma ya nyumba, liwe la zege au la turubai, hukaa safi wiki mbili tatu za mwanzo. Kisha maji hugeuka rangi ya mlenda, na samaki wa dhahabu hawaonekani tena mpaka wakati wa kula. Ukienda duka la samaki wa mapambo, jibu utakalopewa siku hizi karibu kila mahali ni hili: chukua pampu yenye taa ya UV (mionzi ya urujuanimno). Hapa tunakipima kifaa hicho, hasa saizi ya wati 9, ambayo ndiyo ya mabwawa ya lita 1,000 hadi 2,000. Tuseme mapema tunavyokiona: kinafanya kazi, tena kuliko dawa yoyote ya chupa, lakini kinatibu tatizo moja tu, na nusu ya matokeo yake inategemea mambo ambayo hayamo ndani ya boksi.

Kabla ya kutoa pesa, jua una ukijani gani. Chota maji ya bwawa kwenye glasi isiyo na rangi, uishike mbele ya karatasi nyeupe. Maji yenyewe yakionekana ya kijani, huo ni mwani wa seli moja moja unaoelea, na ndio unaokufa kwa taa. Glasi ikiwa na maji maangavu huku bwawani kuna nyuzi ndefu zilizoshika mawe, kingo na shina la yungiyungi, huo ni mwani wa nyuzi. Taa haitaugusa, kwa kuwa haupiti ndani yake. Tena maji yakishang'aa jua hufika mpaka chini, na nyuzi hustawi zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana utasikia watu wakilalamika kwamba taa imewaletea nyuzi. Nyuzi zinatolewa kwa mkono: chukua fimbo yenye magamba au mswaki mkubwa wa choo ambao haujatumika, uzungushe kama unayesokota uzi, uvute. Maji ya kahawia ni suala jingine kabisa, ama matope, ama majani yanayooza, na hapo taa haina la kufanya. Utelezi mfupi wa kijani ukutani uache. Samaki wanaulamba, nao unakula uchafu uleule ambao mwani unaoelea ungeula.

Ndani ya boksi kwa kawaida utakuta kasha jeusi la plastiki lenye matundu, sponji moja au mbili, pampu, balbu iliyomo ndani ya bomba la kioo cha kwotsi, na vichwa viwili vitatu vya chemchemi. Kila kitu kinazama. Pampu huvuta maji kupitia sponji, huyapitisha kandokando ya kioo, kisha huyatoa juu. Mwanga wa balbu una urefu wa wimbi wa nanomita 254, unaoharibu vinasaba vya mwani hadi seli zishindwe kugawanyika. Taa haiyeyushi kitu. Seli zilizokufa hushikana vibonge vidogo, na vibonge hivyo ndivyo sponji inavyovinasa maji yakirudi mzunguko wa pili. Ukilielewa hilo utaona kwa nini taa nzuri yenye sponji mbovu huacha maji ya kijivu kwa wiki nzima.

Na sponji ndiyo kasoro kubwa ya vifaa hivi. Ni ndogo mno. Katika bwawa lenye ukijani mzito sponji ya kiwandani hujaa ndani ya siku moja, maji yanapungua, pampu inaunguruma, na mwenye nyumba anadhani taa imekufa. Siku kumi na nne za mwanzo ihesabu kama kazi ya nyumbani: toa sponji kila siku au kila siku mbili, ikamue mara kadhaa ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa, mwaga hayo maji kwenye migomba, rudisha. Usiioshe bombani. Klorini ya maji ya mtandao huua bakteria waliokwisha kujenga makazi humo, na hao ndio wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Baada ya maji kung'aa, mara moja kwa wiki inatosha.

Tiba ya kudumu ya sponji ndogo ni ndoo. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, toboa chini pembeni tundu la mpira wa kuingizia, na karibu na mdomo tundu pana zaidi la kutolea, kipenyo cha milimita 32 au zaidi. Kama la kutolea ni jembamba kuliko la kuingizia, ndoo itafurika usiku na asubuhi utakuta bwawa limeshuka. Ndani panga kutoka chini: sponji ya matundu makubwa, sponji ya matundu madogo, halafu mawe ya pumisi au madodoki ya plastiki ya kusugulia vyombo (ya plastiki, siyo ya chuma) mpaka robo tatu ya ndoo. Maji ya pampu yenye taa yaingie chini, yapande, yatoke juu na kuanguka bwawani kutoka sentimita 20 au 30. Kuanguka huko kunaingiza hewa. Kwa kazi ya nusu siku na gharama ndogo, kifaa cha kawaida kinapata nafasi ya kunasa uchafu mara kadhaa ya ile ya sponji ya kiwandani. Ndoo hii tungeipendekeza hata kwa mtu asiyenunua taa kabisa.

Sasa hesabu. Urefu mara upana mara kina cha wastani, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000. Bwawa la mita 2 kwa mita 1.2 lenye maji ya sentimita 60 lina lita 1,440. La duara: kipenyo mara kipenyo, mara 0.785, mara kina. Usikisie kwa macho, maana karibu kila mtu hukisia zaidi ya ilivyo, na kwenye dawa kosa hilo linaua.

Kwenye boksi la wati 9 si ajabu kusoma kwamba linatosha bwawa la lita 6,000 au zaidi. Namba hiyo ni ya bwawa lisilo na samaki. Watengenezaji makini huandika namba tatu: bwawa tupu, bwawa lenye samaki, na bwawa la koi (samaki wakubwa wa mapambo), ambapo ya pili huwa nusu ya ya kwanza na ya tatu robo yake. Ichukue ya tatu. Samaki wa dhahabu ni walafi na wachafuzi, na jua la pwani halina likizo ya miezi ya theluji ambayo watengenezaji wa Ulaya wanaihesabia. Kwa bwawa linalopigwa na jua Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hesabu wati 4 hadi 6 kwa kila lita 1,000. Nairobi na Arusha kwenye ubaridi, au bwawa lililo chini ya mwembe, wati 2 hadi 3 zinatosha. Kwa hiyo wati 9 kwenye bwawa letu la lita 1,440 ni saizi sahihi. Kwenye bwawa la lita 4,000 juani, utakuwa unalipia umeme wa bure.

Kasi ya maji ni jambo ambalo wauzaji hawaligusi, nalo lina uzito kuliko wati. Bwawa zima linatakiwa kupita kwenye taa mara moja katika saa moja au mbili. Kwetu hiyo ni lita 720 hadi 1,440 kwa saa. Yakienda kasi mno, mwani unapita bila kupata mionzi ya kutosha. Yakienda polepole mno, mwani unazaliana bwawani haraka kuliko unavyouawa. Namba ya lita iliyochapishwa kwenye pampu imepimwa bila kupandisha maji hata sentimita moja. Ukiyapandisha nusu ya kimo cha juu kilichoandikwa, tarajia nusu ya maji au pungufu. Pima mwenyewe: kinga maji yanayotoka kwenye ndoo ya lita 10. Ikijaa kwa sekunde 36, una lita 1,000 kwa saa, hapo ni pazuri. Ikijaa kwa sekunde 15, una lita 2,400, punguza kwa kilango cha pampu. Ikichukua zaidi ya dakika moja, ama sponji imejaa, ama mpira umekunjika, ama umetumia mpira mwembamba. Mpira wa nusu inchi unaoning'inia kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi huinyonga pampu. Tumia wa robo tatu au wa inchi moja. Vichwa vya chemchemi vinapendeza, ila matundu yake huziba haraka, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo viache ndani ya boksi.

Mwenendo wa kawaida ni huu. Siku ya tatu au ya nne kijani kinafifia na maji yanakuwa kama yametiwa majivu. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne yanang'aa. Kipimo rahisi ni sahani nyeupe iliyofungwa kamba: ishushe, utazame inapotelea. Mfugaji wa sato hufurahi sahani ikipotea kwenye sentimita 30, tena hutia mbolea makusudi ili ipotee, kwa sababu ule ukijani ndio chakula cha samaki wake. Mwenye bwawa la mapambo anataka kuiona sahani ikiwa imelala sakafuni. Siku ya kumi na nne ikipita na bado huioni kwenye sentimita 30, kagua kwa mpangilio huu: maji yanayotoka kwa kipimo cha ndoo, mwanga kwenye kidirisha cha kasha, uchafu kwenye kioo, umri wa balbu, na mwisho jua linalopiga bwawa. Mwanga kwenye kidirisha usikudanganye kwamba maji yanapita. Nyuzi za mwani zikijisokota kwenye impela, ile pangaboi ya ndani, pampu husimama, na taa huendelea kuwaka.

Kuna hatari moja katika wiki hizo ambayo karatasi ya maelekezo haiitaji. Mwani uliokuwa unaelea ulikuwa unakula amonia ya samaki. Ukifa, amonia inabaki, na mwani wenyewe ukioza unaongeza nyingine. Ubaya wake unategemea pH, kipimo cha uasidi wa maji: kwenye maji ya nyuzijoto 28, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo yenye sumu kali; pH 8 ni kama asilimia 6 au 7; pH 9 ni karibu asilimia 40. Bwawa la kijani hufikia pH 9 kirahisi saa tisa alasiri, maana mwani umefyonza kaboni dioksidi yote mchana kutwa. Kwa hiyo siku ya tatu hadi ya kumi punguza chakula kwa nusu, pima amonia kama una vipimo, na badilisha maji asilimia 15 kila siku tatu. Kwa bwawa letu ni kama ndoo kumi na moja za lita 20. Maji ya mtandao yaache kwenye tangi wazi siku moja au mbili klorini iondoke, au tia sodiamu thayosalfeti gramu 1 kwa lita 100. Kumwaga maji yote na kujaza upya, ambako ndiko watu wengi wanakimbilia, hakusaidii: maji mapya yana virutubisho vyake, bakteria wamekufa, na kijani hurudi baada ya siku chache.

Tuje kwenye balbu, maana hapo ndipo pesa inapopotea kimyakimya. Ni balbu ya aina ya PL yenye vijiti viwili vya kioo vilivyoungana, kitako chake kinaitwa G23, urefu kama sentimita 17. Kitako hichohicho kinabeba taa za mezani za zamani, na kuna balbu za wati 9 zinazofanana nayo sana kwenye mashine za kukaushia rangi ya kucha saluni. Hizo zote hazifai. Kioo cha balbu ya kweli hakina rangi kabisa, unaona waya wa ndani, na pameandikwa UV-C. Balbu yenye unga mweupe ndani au kioo cha zambarau ni ya kazi nyingine, na itawaka bluu ya kuvutia huku mwani ukiendelea kunenepa. Hata balbu halisi ina muda wake: saa 8,000 hivi. Mwaka mmoja una saa 8,760. Ikishavuka hapo inaendelea kuwaka kwa rangi ileile, ila mionzi inayoua imeshuka. Andika tarehe ya kuifunga kwenye utepe na ubandike kwenye plagi. Kila mwaka badilisha, iwe inawaka au haiwaki. Unapoifunga mpya ishike kwa kitambaa, na ukiigusa kwa vidole ifute kwa spiriti. Ina zebaki kidogo ndani, kwa hiyo ikivunjika fungua madirisha na vioo usivizoe kwa mikono mitupu. Wala usiiwashe nje ya kasha hata kwa sekunde mbili ili uone kama nzima. Mionzi hiyo inaunguza macho, na maumivu yake huja baada ya saa kadhaa, wakati umeshasahau ulichokitazama.

Kioo kinachofunika balbu nacho kina adui wake: chokaa. Wanaotumia maji ya kisima kirefu watakuta baada ya mwezi mmoja au miwili kimevaa ganda jeupe, na ganda hilo linazuia mionzi kabisa. Chomoa umeme, fungua kasha, chovya kioo kwenye siki kwa nusu saa, pangusa kwa kitambaa laini. Steelwire na mchanga vinakikwaruza. Ukishakifungua, kagua ringi ya mpira inayozuia maji. Ikiwa ngumu au imepasuka, maji yataingia kwenye balbu, na huo ndio ugonjwa unaoua vifaa hivi kuliko mwingine wowote. Ipake grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya mgando huvimbisha aina nyingi za mpira. Na usiikaze skrubu hadi plastiki ilie. Plastiki iliyokaa karibu na UV mwaka mzima huwa kavu na hupasuka kwa urahisi.

Umeme wake si mwingi, lakini haulali. Taa ya wati 9 na pampu ya wati 16 ni wati 25, sawa na uniti 18 kwa mwezi. Kwa nyumba ya Tanzania iliyo kwenye kiwango cha D1, chenye kikomo cha uniti 75, hiyo ni karibu robo ya mgawo wote wa Luku, na inaweza kukurusha kwenye bei ya juu. Taa unaweza kuiwasha mchana tu mara maji yakishang'aa, kama kifaa chako kina swichi mbili. Pampu usiizime usiku. Usiku mwani na samaki wote wanavuta oksijeni, na saa kumi na moja alfajiri ndipo inapokuwa chini kabisa. Ukiwakuta samaki wamepanga midomo juu ya maji alfajiri, tatizo ni hewa. Maji ya nyuzijoto 30 yana uwezo wa kubeba miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita hata yakishiba.

Fundi umeme akufungie swichi ya RCD ya miliampia 30, inayokata umeme ukivuja, kwenye laini ya bwawa. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu ni kifaa cha volti 230 ndani ya maji ambayo watoto wanatia mikono. Kiungio cha ekstensheni kisilale kwenye nyasi, na waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili matone yadondoke yasifuate waya. Chomoa kabla ya kutia mkono majini, kila mara.

Umeme ukikatika, lile kasha na ile ndoo vinaanza kukosa hewa. Ukirudi ndani ya saa mbili tatu hakuna neno. Ukirudi baada ya saa sita na zaidi, usiache pampu iwake yenyewe na kumwaga bwawani yale maji yaliyooza: yamwage nje kwanza, suuza sponji, ndipo uwashe. Pampu ya hewa ya betri yenye jiwe lake ni akiba nzuri kwa mikoa yenye mgao. Zile chemchemi ndogo za sola zinazouzwa kama mbadala tumezipa alama ya chini. Hazina UV, na husimama jua linapozama, yaani hasa pale samaki wanapohitaji hewa.

Kinachofanya kazi kubwa kwa bei ndogo kuliko taa yenyewe ni kivuli. Neti ya kivuli ya asilimia 50 hadi 70, ileile ya vitalu vya miche kwenye duka la pembejeo, ikitandazwa mita moja na nusu juu ya bwawa kuzuia jua la saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, itafanya taa ya wati 9 ifanye kazi kama kubwa zaidi. Yungiyungi nalo ni kivuli: majani yafunike nusu mpaka theluthi mbili ya uso wa maji. Lipande kwenye ndoo ya udongo mzito usio na samadi, juu weka kokoto za ukubwa wa kidole gumba, la sivyo samaki wa dhahabu watalifukua. Gugu maji linafyonza virutubisho kweli, ila lilichokifanya Ziwa Victoria kinajulikana, na Kenya limeorodheshwa kuwa gugu haribifu. Hatulipendekezi, na mwenye nalo asitupe hata kipande kwenye mfereji. Kingo za bwawa ziinuke sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi. Masika maji ya bustani yakiingia yanaleta mbolea, na wiki inayofuata taa italaumiwa bure. Samaki sita hadi wanane kwenye lita 1,440 wanatosha, na chakula ni kile wanachokimaliza kwa dakika mbili.

Vipi dawa? Mrututu (salfeti ya shaba) ndio wa bei rahisi, na ndio tunaoukataa moja kwa moja. Kipimo chake hutegemea alkalini ya maji, yaani uwezo wake wa kuhimili asidi: miligramu kwa lita ni alkalini gawanya kwa 100, na chini ya alkalini ya miligramu 50 haufai kabisa. Bwawa letu likiwa na alkalini ya 100 linahitaji gramu moja na nusu tu. Hakuna mzani wa jikoni wa kupima hiyo, na ukizidisha kidogo shaba inaharibu matamvua ya samaki. Dawa za majimaji za kundi la polyquat, kama API Pond AlgaeFix, zinaua mwani unaoelea na wa nyuzi pia. Kipimo chake ni mililita 5 kwa kila lita 190 hivi, yaani kama mililita 38 kwa bwawa letu, na hurudiwa baada ya siku tatu. Zinafanya kazi, lakini zinaua kamba na jamii yake yote, na mwani ukifa kwa mkupuo hewa inakwisha. Zitumike asubuhi, pampu ya hewa ikiwaka, na nyuzi nyingi ziwe zimeshatolewa kwa mkono. Mabua ya shayiri yanayosifiwa Uingereza hayaui mwani, yanazuia tu unaochipua, na kwenye maji ya nyuzijoto 28 yanaoza upesi yakila oksijeni. Rangi ya bluu ya bwawa ni kivuli cha chupa: inasaidia ikitiwa kabla ya kijani kuanza, ila inakufichia samaki uliowanunua ili uwatazame. Chupa za bakteria hazili mwani hata kidogo. Kazi yao ni amonia, na mwisho wa kazi hiyo ni nitrati, ambayo mwani unaipenda.

Kuna namna mbili nyingine za taa. Ile ya bomba la nje, inayofungwa kati ya pampu na ndoo, ni bora kuliko ya kuzama kwa mtu anayeweza kuimudu: unasafisha kioo bila kulowa, na pampu ikifa hununui taa upya. Bwawa likipita lita 2,000, chukua hiyo bila kujishauri. Nyingine ni ile balbu tupu ya kuning'iniza majini bila kasha. Usiitie kwenye bwawa lenye samaki. Inawaunguza macho na ngozi, na mtoto akichungulia, naye pia.

Wa kununua kifaa hiki ni mwenye bwawa la lita 1,000 hadi 2,000, maji ya kijani kwenye glasi, na umeme usiokatika siku nzima. Mwenye shida ya nyuzi peke yake, au bwawa lililojaa samaki ishirini, atakuwa ametupa pesa. Dukani fungua kasha kabla ya kulipa. Toa balbu usome maandishi na kitako, tazama kioo kama kina ufa mdomoni, bonyeza ringi ya mpira kwa kucha uone kama inarudi. Kisha muombe muuzaji aizamishe kwenye ndoo ya maji na kuiwasha kwa dakika kumi, kasha likiwa limefungwa, azime na kuchomoa, halafu mfungue tena pamoja: tone moja la maji upande wa balbu linatosha kuirudisha kwenye rafu. Ulizia pia bei ya balbu ya akiba, kioo na ringi. Asiyekuwa navyo anakuuzia kifaa cha mwaka mmoja.